Kamba ya Pazia

Mke wangu nami tumekaa pamoja kwa miaka hamsini kasoro kidogo. Katika muda huo tumebishana juu ya ada za shule, juu ya ndugu wa upande wangu na ndugu wa upande wake, juu ya shamba, na hata juu ya mbuzi. Sikupata kudhani kwamba siku moja, hali sote tuna mvi, tungekaa siku tatu bila kusemezana vizuri kwa sababu ya kitambaa cheupe.

Chanzo chenyewe kilikuwa kheri. Miaka mitatu iliyopita mke wangu alishikwa na kiharusi. Alhamdulillahi, ulimi ulirudi, na mguu ulirudi kiasi cha kutembea kwa mkongojo. Lakini mkono wa kulia haukurudi. Tangu siku hiyo hatoki usiku. Watoto wetu, walio Dar es Salaam na mmoja aliye Muscat, wakashauriana wenyewe kwa wenyewe, wakatuma fedha na maagizo: inunuliwe projekta, na pamoja nayo pazia la umeme, lile linaloshuka kutoka kwenye kasha lake mtu akibonyeza rimoti, na kupanda tena akibonyeza mara ya pili. Walijua kwamba mama yao ni mtu wa sinema tangu utoto wake Unguja, na kwamba televisheni ndogo ya sebuleni haimpi raha.

Projekta niliikubali. Pazia nililikataa. Nilisema ukuta wa sebule yetu ni mweupe, na ukipakwa rangi mara moja zaidi utatosha. Kisha nikaongeza neno ambalo hadi leo ningependa kulimeza: “Pazia linalojikunja lenyewe la nini? Kwani mikono ya watu imekwisha?”

Mke wangu hakujibu. Aliuangalia mkono wake wa kulia uliolala juu ya paja, akauchukua kwa mkono wa kushoto, akausogeza pembeni kama mtu anayesogeza mzigo wa mwenzake. Akaenda zake chumbani.

Msomaji, nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka zaidi ya thelathini. Mtu wa kazi yangu akishindwa kumwomba mkewe radhi hukimbilia kwenye mambo ya kale. Kwa siku zile tatu nilikaa barazani nikifikiri juu ya kitambaa cheupe: kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na kimefikaje kugonga mlango wa nyumba yangu hapa Tanga. Nayaandika hapa yale niliyoyafikiri, kwa kuwa yalinifundisha jambo nisilolitazamia.

Kitambaa cha kwanza cha sinema kuingia katika habari za ukoo wetu kilikuwa shuka. Marehemu baba yangu aliliona akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, katika kijiji kimoja cha Korogwe. Mwaka 1935 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kulianzishwa jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Liliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na waliolisimamia walikuwa Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Fedha zao nyingi zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Mpaka jaribio lilipokwisha mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi 35, juu ya safura, malaria ya watoto wachanga, kulipa kodi, kuweka akiba posta, na mengineyo ya namna hiyo. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Maelezo yalitiwa katika santuri, ikachezwa sambamba na picha. Lori lenye jenereta lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likizionyesha filamu hizo nje, baada ya jua kuzama.

Baba alikuwa hasimulii habari za safura. Alisimulia habari za kitambaa. Alisema kwamba uwanja ulijaa, na watoto wakasukumwa na wakubwa mpaka wakajikuta upande wa nyuma. Huko nyuma nako picha ilionekana! Mwanga ulipenya katika kitambaa, watu wale wale wakatembea, ila maandishi yalikuwa kinyume na kila mtu alifanya kazi zake kwa mkono wa kushoto. “Mimi sinema ya kwanza niliiona upande wa mashoto,” alikuwa akisema, na sisi watoto tukicheka. Asubuhi yake alikwenda mbio uwanjani kutafuta shuka lile, akakuta mashimo mawili ya miti iliyolishikilia. Wenye gari walikuwa wamelikunja na kwenda nalo.

Baadaye, vita ilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, na magari ya sinema yakawa mengi zaidi katika makoloni. Baada ya Uhuru desturi haikufa. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1950 twaikumbuka kwa jina la “sinema ya bure”. Gari lilikuja na kipaza sauti mchana kutangaza, jioni kitambaa kikatundikwa, na usiku ule ule kikakunjwa. Twaliijua siku ya kuja, si siku ya kurudi. Picha gani, lugha gani, saa ngapi: hayo yote yalikuwa ya mwenye gari. Sisi yetu yalikuwa macho.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu niliona swali ambalo sikuwahi kuwapa wanafunzi wangu. Twasoma habari za waliovumbua kamera na mashine. Lakini je, nani amekuwa akishika kamba ya pazia?

Tuchukue mfano wa Paris. Kila kitabu hutaja tarehe 28 Desemba 1895, siku ndugu wawili Auguste na Louis Lumière walipoonyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio katika chumba cha chini cha Grand Café. Kwangu mimi yanayopendeza zaidi ni yale waliyoyafanya miaka mitano baadaye, katika Maonyesho Makuu ya mwaka 1900 ya mji huo huo. Walitaka watu maelfu waone kwa mara moja, wakiwa pande zote mbili za kitambaa, ndani ya jumba kubwa la mitambo. Wakashona kitambaa chenye upana wa mita 21 hivi. Kitambaa kikavu hurudisha mwanga mbele na kuwanyima walio nyuma. Kikilowa, mwanga hupita vizuri zaidi. Basi wakakiweka ndani ya birika la maji, na jioni wakati wa onyesho ulipowadia kikavutwa juu kwa winchi, kinatiririka maji. Onyesho likiisha kilirudi majini.

Nilipolikumbuka hilo nilicheka peke yangu barazani. Mimi niliyesema kwamba pazia la kupanda na kushuka kwa mashine ni anasa ya watoto wa siku hizi, nilikuwa nikiwafundisha watu habari za mwaka 1900! Tena nikaelewa kwa nini baba aliona picha akiwa nyuma: shuka la lori lilikuwa jepesi. Mapazia yanayouzwa leo hupakwa weusi mgongoni, ili mwanga usipenye kwenda kupotea nyuma, na mwanga wa dirishani usipenye kuja mbele. Weusi ule wa mgongoni ungemnyima baba yangu sinema yake ya kwanza.

Sasa nije kwa mke wangu, kwani yeye hakuanzia upande wa mashoto. Alizaliwa Unguja mjini, na sinema aliikuta ndani ya majumba. Mwaka 1921 ilifunguliwa huko Royal, sinema iliyochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora majengo mengi ya serikali ya wakati ule. Jumba hilo, ambalo baadaye liliitwa Majestic, liliteketea kwa moto katika miaka ya 1950, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1955. Hilo jipya ndilo alilolijua mke wangu. Palikuwa na maonyesho ya wanawake watupu, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa haendi popote ila arusini, msibani na huko. Alimshika binti yake mkono, wakavaa mabuibui, wakaenda kumtazama Raj Kapoor na Nargis katika Awaara, filamu ya mwaka 1951 ambayo watu wa pwani hawakuchoka kuirudia kila iliporudi. Walikwenda wakalia katika Mother India ya mwaka 1957, wakarudi nyumbani wamevimba macho na wameridhika.

Mke wangu hukumbuka jambo moja ambalo mimi, mtoto wa sinema ya bure, sikulijua: pazia la nguo lililotangulia mbele ya kitambaa. Taa zilizimwa polepole, pazia likafunguka katikati kwenda pande mbili, na picha ikaanza kabla halijamaliza kufunguka. Asema kwamba wanawake wote walinyamaza kwa pamoja. “Pale ndipo sinema ilipokuwa,” huniambia. “Hayo mengine ni hadithi tu.”

Kitambaa chenyewe wakati huo kilikuwa kimekwisha kuwa kazi ya kiwanda. Huko Chicago kampuni ya Da-Lite ilianza shughuli hiyo mwaka 1909, na rangi zenye chembe za madini zilitumika ili kurudisha mwanga mwingi kutoka katika taa zilizokuwa dhaifu. Waingereza wakaita sinema nzima kwa jina la kitambaa hicho cha fedha. Sauti ilipoingia, hasa baada ya mwaka 1927, vitambaa vya majumba vilitobolewa matundu madogo ili vipaza sauti vikae nyuma na maneno yatoke midomoni mwa wachezaji. Mwaka 1952 Wamarekani walitoa filamu iitwayo Bwana Devil, juu ya simba waliokula wajenzi wa reli huko Tsavo. Ilitazamwa kwa miwani maalumu ili simba waonekane wanatoka kuja mbele, na miwani ile haikufanya kazi ila mbele ya kitambaa chenye rangi ya madini. Kitambaa cheupe cha kawaida huuvuruga mwanga. Mwaka uliofuata ikatoka The Robe kwa mtindo wa CinemaScope, na wenye majumba wakalazimika kutundika vitambaa vipana. Kila mtindo ulipobadilika, mtu wa kwanza kuingia gharama alikuwa mwenye pazia.

Nasi wengine? Tulilipa kiingilio tukakaa palipobaki. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata sinema ya magari, yenye kitambaa kikubwa kama ukuta wa ghorofa, na asiye na gari alijua pa kujibanza. Mwaka 1968 ikaundwa Tanzania Film Company, shirika la umma. Baadaye zikaja kanda za video, na majumba yakaanza kupungukiwa na watu. Unguja walipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hali sisi wa Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Picha ikaingia ndani ya nyumba, lakini iliingia ikiwa ndogo, nayo ikawafundisha watu kutazama huku wakizungumza, wakila na kugombana. Mke wangu alipohamia kwangu Tanga aliendelea na sinema za hapa mpaka zilipofifia. Kisha akanyamaza. Nami nilidhani amesahau.

Siku ya tatu jioni niliingia chumbani nikamwambia, “Nimekosa. Hilo pazia tutalinunua.”

Akanitazama kwa muda. “Mwalimu,” akasema, maana ndivyo anavyoniita, “sikukasirika kwa ajili ya pazia. Nilikasirika kwa kuwa umesahau kuniuliza. Hata nyinyi wenye gari la bure mlikuwa hamuulizwi. Basi niulize.”

Nikamuuliza. Na hapo ndipo nilipojua kwamba, wakati mimi nikizunguka Paris na Chicago, yeye alikuwa amekwisha kuipima sebule kwa macho.

Tulikuwa na njia nne mbele yetu. Ya kwanza ilikuwa ukuta wangu. Aliikataa kwa sababu moja iliyonyamazisha hoja zangu zote: katika ukuta ule, baina ya mlango na dirisha, imetundikwa picha ya mama yake. “Simwondoi mama yangu ukutani kwa ajili ya Raj Kapoor,” akasema. “Aliyenipeleka kwa Raj Kapoor ni yeye.” Sababu hiyo hiyo iliiua njia ya pili, yaani kitambaa kilichovutwa juu ya fremu ngumu, ambacho hunyooka kuliko vyote na huwa rahisi kuliko la umeme, lakini hakiondoki ukutani. Njia ya tatu ilikuwa pazia la kuvuta kwa mkono, lenye springi ndani ya mrija wake. Bei yake ni ndogo, wala halihitaji umeme. Lakini lahitaji mtu asimame, anyoshe mkono juu, avute kwa nguvu na kuachia kwa kipimo. Hakuna aliyeitaja sababu ya kuiacha njia hiyo. Ikabaki ya nne.

Msomaji asidhani kwamba baada ya hapo nilitenda kwa busara. Nilikwenda Dar es Salaam, nikaingia katika duka moja, na muuzaji akaniambia kwamba kubwa ndiyo nzuri. Nikanunua pazia la inchi 120. Vipimo hivyo huhesabiwa kutoka pembe hadi pembe. Kwa umbo la siku hizi, la 16 kwa 9, kitambaa cha inchi 120 kina upana wa sentimita 266 na kimo cha sentimita 149, na kasha lake hupita zaidi ya hapo kila upande, kwa kuwa mota na vishikio vyataka nafasi. Nafasi yetu baina ya mlango na dirisha ni sentimita 270. Fundi umeme alipolipima kasha alitikisa kichwa. “Mzee,” akasema, “hili litaziba ama mlango ama dirisha. Chagua mnapoingilia.” Nikalirudisha kwa basi, likiwa refu kama jeneza. Duka likakubali kulibadilisha, ila halikurudisha tofauti yote ya bei. Ile ndiyo ada niliyolipa kwa kutobeba futi kamba.

La pili lilikuwa la inchi 100: sentimita 221 kwa 125. Kasha likaingia na nafasi ikabaki. Ndipo nikajifunza kwamba lile kubwa lingetudhuru kwa namna nyingine pia. Mwanga wa projekta ni kama uji wa mtungi mmoja: ukiongeza bakuli, kila bakuli hupungua. Eneo la inchi 120 ni kubwa kwa asilimia 44 kuliko la inchi 100, na projekta yetu ni ya kiasi. Zaidi ya hayo sisi twakaa mita tatu na nusu kutoka ukutani, na kwa kitambaa cha inchi 100 mita tatu hadi nne ni mahali pazuri pa kukaa. Kwenye lile kubwa shingo zetu za kizee zingezunguka kama za watu walio kwenye mchezo wa tenisi.

Juu ya kitambaa chenyewe palikuwa na mashauri matatu. Kuna cheupe kisichong'aa, ambacho hutawanya mwanga sawasawa kwa wote waliokaa. Kuna chenye kung'aa, au chenye shanga ndogo za kioo, ambacho huwapa waliokaa katikati mwanga mwingi, na kile walichoongezewa hao ndicho walichopunguziwa wa pembeni. Hakuna kitambaa kinachozalisha mwanga wake. Na kuna cha kijivu, kinachofanya weusi uwe mweusi zaidi, kwa sababu projekta haiwezi kurusha giza: sehemu nyeusi ya picha ni kitambaa tu kilichoachwa bila mwanga, nacho hakiwezi kuwa cheusi kuliko kinavyoonekana taa ikiwa imezimwa. Nilipenda chenye kung'aa. Mke wangu akauliza swali moja, “Mimi nitakaa wapi?” Kiti chake kiko pembeni, karibu na mlango, ili asipite katikati ya watu kwa mkongojo. Tukachukua cheupe kisichong'aa. Usiku twafunga madirisha na mapazia yake, na kinatutosha.

Umbo lilileta mashauri vile vile. Filamu za miaka yake hazikuwa pana. Zikionyeshwa kwenye kitambaa cha 16 kwa 9 huacha ukanda mtupu wa kama sentimita 25 kila upande. Alisema haidhuru, wajukuu wapate mpira wao uenee kitambaa kizima, naye ile mikanda miwili ataihesabu kuwa ni lile pazia la Majestic lililofunguka kwenda pande mbili.

Fundi alikuja Ijumaa baada ya sala. Ndani ya mrija wa chuma unaoviringisha kitambaa imo mota nyembamba ndefu, nayo ina nyaya nne: wa kupandisha, wa kushusha, wa kurudishia umeme, na wa ardhini. Imo pia mipaka miwili, inayokata umeme kitambaa kikifika juu kabisa au chini pale palipopangwa. Nyumba yetu ina silingi ya juu, mita 2.7, nasi tulitaka ukingo wa chini wa picha uwe sentimita 80 kutoka sakafuni. Basi juu ya picha kuna kipande kirefu cha kitambaa cheusi kisichoonyesha kitu, ambacho kazi yake ni kuishusha picha ifike usawa wa macho. Fundi akatuonya mambo mawili. La kwanza, unyevu wa pwani: kitambaa kikikaa kimekunjwa miezi mingi hupata ukungu na kingo zake huanza kujikunja, basi kishushwe mara kwa mara hata kama hamtazami kitu, nacho kifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu. La pili, mota za namna hiyo hazikuumbwa kufanya kazi mfululizo. Zikipata moto hujizima mpaka zipoe. Mjukuu wetu alilithibitisha hilo siku ile ile. Alilipandisha na kulishusha mpaka likagoma, akaja kwangu analia kwamba ameua pazia la bibi.

Fundi alipomaliza alinikabidhi mimi rimoti, kama ilivyo desturi ya mafundi kumkabidhi mwanamume. Nikainuka, nikaenda kuiweka katika mkono wa kushoto wa mke wangu. Alibonyeza. Pazia likashuka taratibu, na mlio wake ni mdogo kama wa cherehani ya jirani. Lilimfunika mama yake kwanza utaji, kisha macho, kisha kidevu. Hakusema neno mpaka likatua.

Tangu hapo Jumapili alasiri huja wanawake wa mtaani, wengine wa rika lake, wengine mabinti wanaokuja kucheka nguo za zamani. Mimi huondoka kwenda barazani bila kuambiwa. Nasikia nyimbo, nasikia kimya, nasikia makamasi yakivutwa. Hakuna anayewatangazia kwa kipaza sauti watazame nini; wanabishana wenyewe, na neno la mwisho ni la mwenye rimoti. Mara nyingine nafikiri juu ya marehemu baba, mtoto wa nyuma ya shuka, aliyewaona watu wote wakitumia mkono wa kushoto, na asubuhi akakuta mashimo mawili.

Kasoro yake ni moja, na ni ile ile ya nchi nzima. Jumapili moja Mother India ikiwa imefika penye kilio, umeme ulikatika. Projekta ikafa, sebule ikawa giza, na pazia likabaki limeshuka, kwa kuwa mota haina mpini wa kuzungushia kwa mkono. Nilisimama mlangoni na taa ya simu, nimeona haya kana kwamba mimi ndiye mwenye mtambo. Wanawake wala hawakuinuka. Mmoja wao aliimalizia filamu kwa mdomo, wengine wakamsahihisha, na walipoondoka walikuwa wamekwisha kulia kama walivyokusudia.

Umeme ulirudi alfajiri. Niliamka kwa mlio wa cherehani. Nikatoka chumbani, nikamkuta mke wangu amekaa kitini mwake karibu na mlango, rimoti mkononi, analitazama pazia linavyopanda. Kidevu, kisha macho, kisha utaji.

“Shikamoo, mama,” akasema. Kisha akaniambia nikateleke chai.